Madaftari yakikataana, gawa tofauti kwa 9

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa viazi hapa Uyole, Mbeya, tuko 16. Msimu uliopita, jioni ya kugawana, daftari langu lilisoma 4,187,600, la katibu 4,817,600. Shilingi 630,000 hazionekani, na watu wote kimya, wamejifunika makoti kwa baridi ya Juni. Heri wangenitukana.

Na nilikuwa nimehakiki! Mtindo wangu ni ule wa shuleni: 4+1+8+7+6 ni 26, 2+6 ni 8. Risiti nazo nikizifanyia hivyohivyo zilitoa 8. Nikaridhika. Kumbe ukipanga tarakimu zilezile upya, jumla yake haibadiliki, kwa hiyo njia ile haioni zilizopishana.

Aliyeniokoa ni mwanachama wetu mmoja, mwalimu mstaafu. "Mwanangu, hebu gawa hiyo tofauti kwa 9." Ikatoka 70,000 kamili. Akaniambia nitafute tarakimu mbili jirani zinazozidiana kwa 7, kwenye laki na makumi elfu. Nikatazama: 8 na 1. Nilizigeuza wakati wa kunakili. Laki moja inaizidi elfu kumi kwa 90,000, na mara 7 ndiyo hiyo 630,000.

Ila usimshike mtu shati kwa sababu ya 9 peke yake. Ukiandika 6,000 badala ya 60,000, tofauti ni 54,000, nayo inagawanyika. Risiti ya 45,000 iliyosahaulika mfukoni, vilevile.

Siku hizi natumia 11. Anzia kulia, jumlisha, toa, jumlisha, toa. Kwa 4,817,600: 0−0+6−7+1−8+4 ni −4, ongeza 11 upate 7, ndiyo baki ukigawa kwa 11. Ile ya kwangu inatoa 10. Tarakimu jirani zisizolingana zikipishana, 11 haikosi kushtuka, kwa sababu kosa huwa ni 9 mara tarakimu moja, na sifuri zake, na humo 11 haiingii kamwe. Vitabu vya zamani vyenye namba ya utambulisho ya tarakimu 10 hukaguliwa kwa 11 pia. Ile X unayoiona mwishoni ni 10.

Kugawana kulikuwa kwepesi. Kwa 16 unatazama tarakimu nne za mwisho tu, maana 10,000 ni 16 mara 625. Sasa 7,600 ni 16 mara 475, basi namba nzima inagawanyika: 301,100 kila mmoja. Tungekuwa 15 tungekwama, kwani 15 ina 3 ndani yake, na jumla ya tarakimu zetu, 26, haigawanyiki kwa 3. Namba yenyewe ukiivunja ni 64 × 25 × 3,011, na 3,011 ni namba tasa, haivunjiki tena.

Kilichotuchelewesha ni zile mia mia. Saa mbili usiku, sarafu 16 za shilingi mia tulizipata kwa dereva wa bajaji, naye akazihesabu mara mbili kwanza.