Spoila ya kujitengenezea: umbo ni kazi ndogo, kitako ndicho kinachotesa

Mkuu, umeuliza kama faiba (nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, yaani gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu) inafaa kwa mtu anayetaka kujitengenezea spoila ya gari la spoti, kile kipande kinachokaa juu ya buti ili hewa ilikandamize gari, na kama uibandike kwa gundi au utoboe buti. Kwa kifupi: faiba inafaa, na buti toboa. Kwa urefu, nimetengeneza spoila tatu na mbili ziliishia jalalani, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Gari langu ni la milango miwili, injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nilitaka mkia wa bata, ule uliopata jina kwenye Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1973, si lile bawa la kusimama juu ya nguzo. Bawa linataka hewa safi juu na chini yake, na ukikosea umbo kidogo unabaki na pambo zito. Mkia wa bata hauna makuu. Hewa inayoteremka kwenye kioo cha nyuma inagonga ule mdomo ulioinuka, inapunguza kasi, presha inapanda juu ya buti na kulikandamiza. Kwa kazi ya nyumbani, chagua huo.

Spoila ya kwanza niliichonga kwenye lile povu jeupe la kufungashia televisheni. Siku mbili nzima za kisu na msasa, umbo likatoka safi. Nikakoroga resini ya poliesta, nikapaka. Dakika chache baadaye nikasikia sauti kama soda iliyofunguliwa, nikaona umbo langu linazama katikati kama barafu juani. Resini ya poliesta ina staireni, na staireni inayeyusha povu la polistaireni. Ukitaka povu jeupe, tumia resini ya epoksi. Ukitaka poliesta kwa sababu ni ya bei nafuu na inakauka upesi, tafuta povu gumu la poliyurethani.

Ya pili ilikauka vizuri ila haikulala kwenye buti. Buti ukiliangalia kwa macho unaona kama limenyooka, kumbe limepinda kushoto kwenda kulia, limepinda pia mbele kwenda nyuma. Kati ya spoila na rangi kulikuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Nikaujaza puti. Ndani ya wiki tatu puti yote imepasuka, maana bodi inatetemeka na puti nene haivumilii kutetemeka.

Basi hapo ndipo nilipojifunza kuanzia chini. Funika buti lote kwa masking tepu, mistari ipandane, halafu juu yake bandika tepu ya foili ya alumini, kisha paka nta mara tatu nne na kufuta. Usione uvivu, resini ikipenya hadi kwenye rangi utalia. Sasa laza matabaka mawili ya mkeka wa faiba palepale juu ya buti, upate kipande chembamba chenye mipindo ileile ya gari lako. Hicho ndicho kitako. Kiache kikauke kikiwa bado juu ya gari, mimi nilikiacha siku mbili. Ukikibandua mapema kinajikunja na kazi yote inarudi mwanzo. Kikishakauka, gundisha povu juu yake, chonga umbo, funika kwa matabaka matatu.

Hadina, ile dawa inayochanganywa na resini ya poliesta ili igande, ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, yaani kwa gramu 200 unaweka gramu 2 hadi 4. Pima kwa mizani ya jikoni, usikadirie. Niliwahi kukoroga kopo zima mara moja nikiwa na haraka, likachemka lenyewe, likatoa moshi na kikombe cha plastiki kikalegea mkononi. Vaa miwani unapoigusa hadina, tone moja likiingia jichoni linaweza kukupofusha. Vumbi la faiba nalo vaa barakoa ya maana, mikono mirefu, na oga kwa maji ya baridi kwanza.

Puti, msasa namba 80, 180, 320, praima, rangi. Sehemu hii kila fundi rangi anaijua, sina jipya. Ila usipake rangi kwa pupa: poliesta huendelea kusinyaa, na ukiwahi, baada ya miezi nyuzi za mkeka zinajichora juu ya rangi, hasa nyeusi inayoshika joto.

Kuhusu gundi au bolti. Tepu nzuri ya pande mbili inashika kweli, ila spoila ya mkono ina uzito na kitako chake si laini kama cha kiwandani. Mimi nilizika bolti nne za M6 (unene wa milimita 6) ndani ya faiba, kila kichwa kimechomelewa kwenye kibati, ncha zikiwa nje. Tatizo ni kujua utoboe wapi hasa. Nilichukua lipstiki ya mke wangu (hakufurahi), nikapaka kila ncha, nikaishusha spoila mara moja tu. Vidoa vinne vyekundu, kila kimoja mahali pake. Anza na drili ya milimita 3, kisha panua hadi 8 ili bolti ipate nafasi ya kucheza. Futa chenga zote za chuma kwa brashi, maana zikibaki zinapata kutu na kuchafua rangi. Kingo za tundu zipake praima ya kuzuia kutu. Weka washa ya mpira chini ya spoila na silikoni kuzunguka tundu, ndani ya buti weka kibati kipana chini ya nati. Kaza kwa spana ndogo, ukikaza kwa hasira faiba inalia "tak" na umemaliza.

Itafanya kazi? Nguvu ya hewa hupanda kwa mraba wa kasi, ukienda 120 ni mara nne ya ukiwa 60, kwa hiyo mjini ni urembo tu. Mimi nilibandika vipande vya uzi wa sufu kwenye kioo na buti, rafiki akanifuata na gari lake huku abiria wake akirekodi. Uzi unaolala umenyooka, hewa imeshika. Unaozunguka ovyo, hewa imeachia. Pia usiinue mdomo kupita kiasi. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, pua inakuwa nyepesi na gari linakataa kona.

Kabla hujachonga, kaa kwenye kiti cha dereva uone kioo cha kati kitabaki na nini, na hakikisha huifuniki taa ya tatu ya breki. Na zile shokabu za buti zimepimwa kwa uzito wa buti tupu. Buti langu lilinishukia kisogoni nikitoa spea, kesho yake nikanunua shokabu ngumu zaidi.