Jibu: Idadi sawa ya kromosomu na undugu wa samaki

Ndugu, umeuliza iwapo samaki wawili wa maji baridi wenye idadi sawa ya kromosomu (nyuzi ndani ya seli zinazobeba DNA) wahesabiwe kuwa ndugu wa karibu. Kwa maoni yangu, la. Samaki wengi wenye mifupa wana kromosomu 48 au 50, na sifa ambayo makundi mengi yameirithi kutoka kwa mhenga wa kale haiwezi kutenganisha matawi ya karibu. Kinachofaa ni badiliko jipya linalopatikana katika kundi moja tu.

Mtazame sato, Oreochromis niloticus, mwenye kromosomu 44. Chini ya hadubini, jozi moja huonekana mara moja kuwa kubwa kuliko nyingine zote, nayo imetokana na kromosomu zilizoungana. Badiliko kama hilo lina uzito kuliko idadi yenyewe.

Hesabu mikono ya kromosomu pia, yaani vipande vinavyotoka kwenye sentromea, sehemu yake iliyobanwa, jambo ambalo wengi hulipuuza. Trauti wa upinde wa mvua huwa na kromosomu 58 hadi 64 ndani ya spishi moja, ilhali mikono hubaki takriban 104, kwa kuwa kromosomu mbili zikiungana kwenye sentromea idadi hupungua bila mikono kupotea.

Tahadhari moja: muungano unaofanana unaweza kutokea mara mbili katika koo tofauti. Kwa hiyo chora kwanza mti wa ukoo kwa kutumia mfuatano wa DNA, kisha uangalie kila badiliko linaangukia tawi lipi.