Yajue Maji Yako Kabla ya Kugusa pH ya Tangi la Samaki

Wanaoanza kufuga samaki wa mapambo hapa Mtwara huniuliza mara kwa mara ni pH ipi, yaani kipimo cha uasidi wa maji (ikishuka, uasidi huongezeka), iliyo sahihi. Huwajibu kwamba samaki wengi wa maji baridi (yasiyo na chumvi) wanaouzwa madukani huishi vyema kati ya 6.5 na 8, ilimradi kiwango hicho kisiyumbe. Kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara 10 katika uasidi, kwa hiyo badiliko linaloonekana dogo kwenye karatasi ya kupimia huwa ni msukosuko mkubwa kwa samaki.

Kinachoituliza pH ni kabonati zilizoyeyuka majini. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe ya pwani yetu huwa nazo nyingi, na dalili yake ni ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Maji ya mvua, ambayo ndugu zetu wa Uwanda wa Makonde wamezoea kuyakinga, karibu hayana kabonati kabisa, na pH yake huweza kubadilika ghafla kwa sababu ndogo tu. Kwa hiyo pima chanzo chako mara mbili: maji yanapotoka tu, kisha baada ya kukaa kwenye ndoo usiku kucha yakipulizwa kwa pampu ya hewa. Maji ya kisima hutoka ardhini yakiwa na hewa ya kabonidayoksaidi, nayo ikishatoka pH hupanda. Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini.

Ukishayajua maji, chagua samaki wanaoyafaa. Gapi wangu wanaishi kwenye maji magumu ya kisima, yaani yenye kabonati nyingi, bila kurekebishwa chochote, na mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao kwao pH huzidi 7.5, nao wangeyafurahia. Neoni tetra wanataka maji laini (yenye kabonati chache) na yenye uasidi kidogo, na kwao nashauri kuchanganya maji safi ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua za mwanzo kusafisha paa, kwa uwiano uleule kila unapobadilisha maji.

Wapo wanaoshusha pH kwa siki au ndimu, na njia hiyo siipendi hata kidogo. Kabonati huimeza asidi hiyo, pH ikarudi ilikokuwa baada ya muda mfupi, na samaki wakawa wamestahimili mageuzi mawili badala ya moja. Majani makavu ya mkungu yaliyooshwa ni mapole zaidi, ingawa katika maji magumu yataleta rangi ya hudhurungi tu bila kushusha pH kwa kiasi cha maana. Siki itumie kukagua mapambo: idondoshee kombe au jiwe, na likitoa mapovu lina chokaa itakayoendelea kuyeyuka na kupandisha pH.

pH ikishuka polepole katika tangi la siku nyingi, kwa kawaida ni kwa sababu bakteria wanaobadilisha amonia ya kinyesi huzalisha asidi inayokula kabonati. Dawa ya kwanza ni kubadilisha robo ya maji kila wiki na kupunguza chakula. Maji yakiwa laini mno, yeyusha nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya sodiamu ya kuokea kwa kila lita 50, uimimine kidogo kidogo kwa siku mbili au tatu. Usitumie magadi ya kupikia maharage, kwani hayo ni makali zaidi.

Hata hivyo, usipandishe pH ya tangi chafu kabla ya kupima amonia. Kwa joto letu la nyuzi 28, pH ikitoka 7 kwenda 8, sehemu ya amonia iliyo na sumu huongezeka karibu mara 10, na samaki waliokuwa wakiogelea vizuri asubuhi wanaweza kufa kabla ya jioni. Ikiwa amonia inaonekana kwenye kipimo, badilisha kwanza maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa maji ambayo pH yake inakaribiana na ya tangi, hadi isionekane tena.