Laptopu imeganda kwenye asilimia 64

SWALI: Shikamoo fundi. Niliamua kuirudisha laptopu yangu ya Windows 10 upya, kama ilivyotoka dukani. Tangu jana jioni imeganda kwenye asilimia 64. Niizime? Mitihani ya kidato cha pili imo humo. – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tazama taa ndogo ya diski. Ikipepesa, iache, diski za zamani za kuzunguka huchukua saa nyingi, hasa ukiwa umechagua kusafisha diski nzima. Kama imetulia usiku kucha, chomoa flashi, printa na vyote vilivyochomekwa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, halafu iwashe tena.

Ikiganda tena palepale, usirudie. Ingetosha kuiwasha kwa flashi ya kusakinishia Windows ya GB 8, iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine, lakini wewe una mitihani! Mpelekee fundi diski kwanza aichungulie, maana ukisakinisha juu yake nafasi ya kuiokoa mitihani inapungua. Diski ikisikika inagonga-gonga, hapo mimi nashuku diski yenyewe, nunua SSD, yaani diski isiyozunguka. Na fundi atakayesema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa kabla hajashika bisibisi, mkimbie.