Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili Ziwa Mburo

SWALI: Mwaka jana tuliingia hifadhi ya Ziwa Mburo, magharibi mwa Uganda, saa nne asubuhi tukatoka saa kumi. Watoto waliona ngiri na pundamilia wa mbali, kisha wakalala garini. Tunataka kurudi Jumamosi na Jumapili. Wana miaka 4, 7 na 11. Tupange vipi? (Mama wa watatu, Kampala)

JIBU: Mama, mliingia wakati wanyama wanajificha. Jua likikaza, swala pala na pofu huzama kwenye vichaka vya migunga, na Mburo ni pori la vichaka. Mnyama akiwa hatua ishirini kutoka njiani, humwoni.

Kiingilio ni cha saa 24 tangu mnapopita langoni, kwa hiyo msikitumie mchana mmoja. Tokeni Kampala saa nne asubuhi, ingieni lango la Nshara saa tisa alasiri. Hapo mna jioni ya Jumamosi na asubuhi ya Jumapili kwa malipo yale yale. Huyo wa miaka 4 hatozwi. Wekeni pesa za kulipia kwenye simu mapema.

Anzeni kutazama kabla ya lango. Pundamilia wengi hutoka kulisha kwenye mashamba ya mifugo, na utawakuta wamechanganyika na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Ndani, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, 20 unatosha. Kila mkifika mahali pa wazi, zimeni injini mkae dakika kumi. Injini ikiunguruma, darubini hutetemeka na hata sauti za ndege hamzisikii. Watoto waambieni wasitafute mnyama mzima. Watafute sikio linalopepea, mkia, au mstari wa mgongo uliolala katikati ya miti iliyosimama. Swala pala wote wakikaza macho upande mmoja, tazameni huko huko.

Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) inatosha. Ya kukuza mara 10 humtikisikia mtoto mkononi. Hata hiyo ya 8, aegemeze viwiko kwenye dirisha.

Tembo msiwaahidi, hawapo. Twiga wapo: waliletwa kutoka hifadhi ya Murchison Falls mwaka 2015, na hula migunga, kwa hiyo tazameni juu ya vichaka.

Jumapili muwe njiani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha mchukue boti Rwonyo, kambi iliyo ndani ya hifadhi kando ya ziwa. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea na lifungwe vifungo vyote. Likimpita masikioni ukilivuta juu mabegani, ombeni dogo zaidi.

SWALI: Tutalala kwenye hema karibu na ziwa. Viboko wanakuja kweli? (Baba, Masaka)

JIBU: Wanakuja. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yao hukauka na kuungua juani. Usiku hupanda nchi kavu kula majani. Hatari kubwa ni kusimama kati ya kiboko na maji, kwani hukimbilia ziwani kwa njia iliyonyooka. Tafuteni njia zao kabla ya giza: mifereji miwili sambamba yenye ukanda wa majani katikati. Msipige hema juu yake. Mtoto akitaka kujisaidia usiku, mmulikieni tochi pande zote kwanza, na ukiona macho yanang'aa, rudini ndani ya hema au garini. Chakula kilale garini, hata ganda la ndizi. Ngiri wa kambini hupasua hema kwa ajili yake.