Kuchagua CNC ya Kukata Chuma: Anza na Uzito, Meza Baadaye

Anayetaka mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ili kutoa vipuri 20 au 50 kwa oda, Kariobangi au Industrial Area jijini Nairobi, huvutiwa kwanza na ukubwa wa meza. Kumbe kazi nyingi za karakana ndogo, kama flanji, puli na nyumba za beringi, zinaenea kwenye sentimita 30 kwa 20.

Angalia spindo, yaani mhimili unaozungusha kisu. Mashine nyepesi za fremu ya alumini mara nyingi huja na spindo ya kilowati 2.2, mizunguko 24,000 kwa dakika. Hizo ni za mbao, na alumini kwa kubembeleza. Kisu cha kabaidi (madini magumu ya visu) chenye kipenyo cha milimita 10 kwenye chuma laini hutaka mwendo wa mita 100 kwa dakika, yaani mizunguko kama 3,200. Ukiishusha spindo hiyo hadi hapo, nguvu nayo inashuka: zinabaki wati 300 hivi. Kisu kinasugua badala ya kukata, kinapata moto, kinakufa. Tafuta mwili wa chuma cha kusubu. Mashine ambayo watu wawili wanaibeba mikononi si ya kukatia chuma.

Ukienda kuona mashine iliyotumika, beba dayo geji (kipimo cha sindano kinachosoma sehemu ndogo za milimita) yenye kishikio cha sumaku. Ishike kwenye spindo, ncha iguse jiliwa, kibano kilichofungwa kwenye meza. Sogeza meza kuelekea ncha mpaka sindano itembee, weka sifuri, kisha irudishe milimita 0.10. Geji ikisoma 0.06 pekee, 0.04 imemezwa na ulegevu wa skrubu inayosogeza meza. Rudia katikati ya meza na pembeni, maana skrubu huchakaa pale inapofanya kazi sana. Tofauti hiyo ikipita 0.03, shimo la beringi litatoka na umbo la yai. Muuzaji atakwambia programu inafidia ulegevu huo. Inafidia, mpaka kisu kiivute meza chenyewe.

Kuhusu stima: kama una fezi moja ya volti 240, kibadilishi cha masafa (VFD, kifaa cha kuendesha mota) kitakupa fezi tatu, lakini za volti 240, si 415. Soma bati la mota: ikiandikwa 230/400, inakufaa, ikiunganishwa kwa delta (mpangilio wa pembetatu). Ikiandikwa 400/690, hiyo haikufai.

UPS (betri ya dharura) ya kompyuta peke yake ni mtego. Stima ikipotea, spindo inasimama huku kompyuta ikidhani kazi inaendelea. Kama mota za meza nazo zina betri, kisu kinavunjikia ndani ya chuma.

Tenga theluthi ya bajeti kwa jiliwa, koleti (vishikio vya visu kwenye spindo) na visu.