Saa haiguswi

Mdogo wangu, siku yako ya kwanza kituoni utaonyeshwa saa ya atomu, ile ya sesiamu, na huenda ukavunjika moyo. Haina akrabu wala kengele. Ni sanduku tu la chuma kwenye raki, taa ya kijani inawaka, feni inavuma. Lakini humo ndani ndimo sekunde inamohesabiwa: mawimbi ya atomu ya sesiamu yakitimia 9,192,631,770, sekunde moja imetimia. Dunia ilikubaliana hivyo mwaka 1967 na hesabu haijabadilika.

Nimeshughulika na saa hizi huku mwambao miaka mingi, sesiamu ikiwa hapa Malindi na rubidiamu, nazo ni saa za atomu, zikiwa kwenye minara ya simu mpaka Lamu. Kila kijana mpya akiona saa ya Lamu imepishana na ya Malindi, mkono unamwasha. Anataka aisukume kidogo zilingane. Usithubutu. Saa mbili za atomu hazilingani hata siku moja. Sisi kazi yetu ni kujua zinapishana kiasi gani, na pengo hilo linakua vipi. Saa inayochelewa nanosekunde 40 kila siku (nanosekunde ni sekunde moja igawe kwa bilioni), leo 40, kesho 40, ni saa njema kabisa, maana unajua wiki ijayo utaikuta wapi. Ukiisukuma umeifuta historia yake, na huna tena cha kutabiria. Zile za minarani huongozwa na setilaiti za GPS, ni kweli, lakini hata hizo hurekebishwa mwendo polepole. Hazirushwi.

Hata UTC, saa inayofuatwa na dunia nzima, hupatikana kwa namna hii. Maabara za nchi mbalimbali hupeleka tofauti za saa zao kwenye ofisi ya kimataifa ya vipimo huko Sèvres, Ufaransa. Hesabu hupigwa, kisha kila maabara huambiwa saa yake ilikosea kiasi gani mwezi uliopita. Yaani saa sahihi kuliko zote iko karatasini, na inakuja imechelewa. Mimi nilipoelezwa hili mara ya kwanza nilidhani nataniwa.

Sasa pengo utalijuaje, na Lamu iko zaidi ya kilomita 130 kutoka hapa? Ukipiga simu ukasema "sasa!" umeshapotea. Mwanga wenyewe unahitaji zaidi ya maikrosekunde 400, yaani nanosekunde 400,000, kukata umbali huo. Tunachofanya ni kama watu wanaotazama mwezi mwandamo: mmoja yuko Shela kule Lamu, mwingine yuko ufukwe wa Malindi, macho yote kwenye mwezi mmoja. Mwezi wetu ni setilaiti ya GPS, kilomita 20,200 juu. Tunaifuata wote wawili kwa dakika 13 zilezile. Lamu wanaandika kwamba saa yao iko mbele ya setilaiti kwa nanosekunde 312. Mimi naandika 287. Natoa, napata 25. Na kama saa ya setilaiti ilikuwa na kosa, kosa hilo limo kwenye namba zote mbili, kwa hiyo linakufa lenyewe kwenye kutoa. Uzuri wa njia hii ni kwamba humhitaji shahidi mkweli. Unahitaji shahidi mmoja tu.

Ila awe mmoja kweli: setilaiti ileile, dakika zilezile. Kuna kijana aliwahi kuandika daftarini "saa 4:20", akimaanisha saa nne na dakika ishirini asubuhi kama tunavyosema nyumbani. Kompyuta haijui Kiswahili. Ikaisoma kama 04:20 ya UTC, na yeye alikuwa amepima 07:20. Kituo kinachohangaika na nanosekunde kikakosea saa tatu nzima, na tuliitafuta hitilafu hiyo kwenye mitambo siku mbili. Andika UTC peke yake, kwa mtindo wa tarakimu 24. Siku yetu ya kazi inaanza saa tisa usiku, zoea. Hata sekunde ya ziada ya mwisho kuongezwa, ile ya kuamkia Januari 1, 2017, kwetu iliingia pale pale, sekunde moja kabla ya kugonga saa tisa.

Nikwambie na cha kebo, maana hiki ni changu mwenyewe. Kusi moja antena ya paani ililiwa na chumvi, nikaifunga nyingine upande wa pili wa paa, mbali na mti wa kunguru. Kebo ya zamani ilikuwa mita 30, mpya 45. Kesho yake saa ya Malindi ikaonekana imeruka mbele nanosekunde 75. Nikailaumu sesiamu. Nikailaumu rubidiamu ya Lamu. Nikamlaumu hata mwenzangu wa Lamu, naye kwa upole wake akaniuliza tu, "Kwani ndugu yangu, huko paani mmefanya kazi gani?" Ile kebo yetu huchelewesha mawimbi karibu nanosekunde 5 kwa kila mita. Mita 15 zilizoongezeka, mara 5. Nilikuwa nimebadilisha kebo bila kubadilisha namba yake kwenye kipokezi. Tangu siku hiyo nina kanuni: saa ikikosea, aghalabu huteleza, namba ikiruka, uliza kwanza ni nani kagusa nini.

Baada ya magharibi usishangae namba zikichafuka, hasa Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba. Tuko karibu na ikweta, na jua likizama ionosfera, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, huku kwetu huchafuka, mawimbi ya setilaiti yakapepesuka. Subiri, usiku ukikomaa hutulia. Na ukihamishiwa Nairobi na saa yako, ijue tabia mpya: kule juu, karibu mita 1,700, mvutano wa dunia ni hafifu zaidi, na saa ileile itakimbia takriban nanosekunde 16 kwa siku kuliko ilivyokuwa hapa pwani. Haijaharibika. Ni nadharia ya Einstein tu: mvutano ukipungua, saa hukimbia.

GPS nayo usiiamini kama msahafu. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja kongwe ilipokuwa inaondolewa kazini, baadhi ya setilaiti zilitangaza UTC yenye kosa la takriban maikrosekunde 13, na ikaendelea hivyo kwa saa kadhaa. Vipokezi vingine vikafuata, vingine havikufuata. Minara ya simu ya 5G inayotumia masafa yaleyale ya redio kutuma na kupokea haitakiwi kupishana zaidi ya maikrosekunde 3, sasa piga hesabu. Mwenye GPS peke yake hakuwa na wa kumuuliza. Mwenye sesiamu aliona GPS imehama na saa yake imekaa. Lakini hapo pia ni neno la mmoja dhidi ya mwingine, na saa mbili zikigombana huwezi kujua mwongo ni ipi. Ndiyo maana chini kabisa ya raki utakuta sanduku la tatu, rubidiamu kuukuu yenye kutu pembeni, ambayo mhasibu huuliza kila mwaka kwa nini haijauzwa.